Ukiuliza "Mmeelewa?" Umeuliza Nini? Maswali ya Walimu na Majibu Yake

Barua nyingi za mwezi huu kutoka kwa walimu wa Mtwara na Lindi zimezunguka jambo moja: mwalimu atajuaje, kabla kengele haijalia, kwamba watoto wamelishika somo? Tumechagua nane. Nyingine zilizofanana nazo tumeziunganisha humo humo.

Nafundisha hisabati darasa la nne, wanafunzi 92. Nikimaliza mfano ubaoni nauliza "Mmeelewa?" Darasa zima linaitika "Ndiyooo!" Nikikusanya madaftari, karibu nusu wamekosa. Je, watoto wananidanganya?
*Mwalimu, Tandahimba*

Hawakudanganyi, mwalimu. Swali lako lina jibu moja tu la adabu, nalo wamelijua tangu darasa la awali. Mtoto atakayesema "hapana" mbele ya wenzake 91 anajianika, na pengine anaona amekuvunjia heshima wewe uliyejitahidi kueleza. Tena wengi wanaoitika wanaamini kweli kwamba wameelewa. Wameufuata mkono wako ubaoni hatua kwa hatua, kila hatua imeonekana nyepesi, wakadhani kufuata ndiko kuweza. Tofauti hujitokeza pale tu mtoto anapoachwa peke yake na hesabu mpya.

Liondoe swali hilo, weka kazi mahali pake. Ukimaliza mfano, ufute wote. Hatua hii inarukwa sana, na mfano ukibaki ubaoni mtoto hunakili umbo lake bila kufikiri. Andika hesabu moja tu yenye namba nyingine, wape dakika mbili waifanye kimya nyuma ya daftari, kisha pita kati ya madawati kwa dakika tatu. Huna haja ya kufikia madaftari yote 92. Pita safu mbili leo na nyingine mbili kesho, ukiwa na kipande cha karatasi mkononi. Usiweke tiki wala mkasi (alama ya X). Andika majibu unayoyakuta na uhesabu kila moja limejirudia mara ngapi.

Chukua hesabu hii: ghala lina kilo 403 za korosho, zikauzwa kilo 178, zimebaki ngapi? Jibu ni 225. Ukipita utakutana na majibu mengine, na kila moja lina njia yake.

Aliyeandika 375 hakukopa popote. Katika kila safu ametoa namba ndogo kutoka kubwa bila kujali ipi iko juu: 8 kutoa 3, 7 kutoa 0, 4 kutoa 1. Aliyeandika 275 anajua kukopa, ila sifuri imemtinga. Ameiruka, akakopa moja kwa moja kutoka mamia hadi mamoja, halafu kwenye makumi akageuza 0 kutoa 7 ikawa 7. Aliyeandika 235 amekaribia sana. Amekopa kwenye mamia, sifuri ikawa 10, akawapa mamoja kumi moja, lakini akasahau kwamba zile 10 sasa zimebaki 9.

Ukiwawekea wote watatu mkasi mwekundu na kurudia maelezo yale yale kwa sauti kubwa zaidi, hakuna atakayefaidika. Wa 375 anahitaji kushika vitu. Funga njiti za chelewa mafungu ya kumi kumi, mafungu kumi yafungwe yawe mia, kisha mwambie atoe njiti 8 mahali penye njiti 3 zilizolegea. Mwenyewe ataona kwamba lazima fungu lifunguliwe. Wa 275 afanye kitendo hicho hicho kwa namba yenye sifuri katikati, ili aone kwamba kumi haipatikani mpaka mia ifunguliwe kwanza. Wa 235 anahitaji dakika moja tu: mwonyeshe alipokata 4 akaandika 3, umuulize mbona sifuri iliyogeuka 10 haikukatwa.

Na ukikuta 375 imejirudia mara ishirini katika safu mbili, usiendelee na zoezi la kitabuni. Zoezi la hesabu kumi juu ya njia isiyo sahihi ni mazoezi kumi ya kukosea.

Tumesikia habari za vibao vidogo ambavyo kila mtoto anaandika jibu na kuinua juu. Shule yetu haina fungu la kuvinunua. Tutavitengenezaje?
*Mwalimu, Lindi*

Karatasi moja ya hadibodi ya futi 8 kwa 4 (sentimita 244 kwa 122) inatoa vibao 48 vya sentimita 20 kwa 30, ikiwa fundi anatumia msumeno mwembamba na amepima vizuri. Kwa darasa la watoto 90, kibao kimoja kwa kila wawili kinatosha, na tunadhani ni bora kuliko kimoja kwa kila mtoto, kwa sababu wawili hulazimika kukubaliana kabla ya kuandika. Pale wanapokaa watatu dawati moja, mwandishi abadilike kila swali, la sivyo mmoja atageuka kuwa katibu wa kudumu.

Piga msasa uso na kingo. Paka rangi nyeusi ya ubao, ile isiyong'aa, mikono miwili, na uache mkono wa kwanza ukauke siku nzima. Kingo zipakwe pia. Pwani yetu ina unyevunyevu wa chumvi, na hadibodi iliyoachwa wazi pembeni huvimba na kuchanuka kabla mwaka haujaisha. Kosa kubwa ni kutumia rangi ya mafuta inayong'aa iliyobaki kwenye milango: chaki huteleza juu yake na maandishi hayasomeki hata kutoka dawati la pili. Kabla ya kuandika mara ya kwanza, laza chaki ubavu, sugua kibao chote mpaka kiwe cheupe, kisha futa. Usipofanya hivyo, maandishi ya kwanza hubaki kama kovu.

Hadibodi ikishindikana, karatasi nyeupe ndani ya mfuko mgumu wa plastiki unaoonyesha, pamoja na kalamu ya maki ya kufutika, hufanya kazi hiyo hiyo, ila kalamu hukauka haraka kwenye joto. Kitambaa cha soksi kuukuu ndicho kifutio. Boksi la katoni lililopakwa rangi halidumu, linanyonya na kujikunja. Litumie kama hakuna kingine.

Sasa matumizi, maana vibao vizuri vimeharibika kwa matumizi mabaya. Amri ni tatu: andika, laza, inua. Baada ya kuandika, kibao kilazwe kifudifudi juu ya dawati. Wote wainue kwa pamoja unapohesabu hadi tatu. Wakiinua mmoja mmoja, watano wa mwanzo hutoa jibu na themanini wanalinakili. Namba ziwe na urefu wa kiganja. Swali liwe la jibu fupi: namba, neno moja, mchoro mdogo au alama. Ukiomba sentensi mbili, hutaweza kusoma vibao 45 kabla mikono haijachoka.

Katika semina tuliambiwa tuandae "swali moja la katikati ya kipindi" litakaloamua kama tunaendelea au tunarudi nyuma. Nimejaribu kutunga, lakini wote wanapata halafu mtihani wanafeli. Nakosea wapi?
*Mwalimu wa darasa la sita, Newala*

Huenda unakosea kwenye majibu ya kuchagua, wala si kwenye swali lenyewe. Sisi tunaliita swali la njia panda: kila jibu liongoze kwenye njia moja tu ya kufikiri. Jibu sahihi likiweza kufikiwa kwa njia mbaya, swali limeshakufa.

Tuchukue desimali. Mwalimu anauliza: ipi ni kubwa zaidi, 0.8, 0.35 au 0.125? Linaonekana zuri. Linamnasa mtoto anayefikiri kwamba namba ndefu ndiyo kubwa, kwa kuwa anaisoma 125 kama mia moja ishirini na tano. Huyo atachagua 0.125. Lakini wapo watoto wenye wazo la kinyume. Wamesikia kwamba sehemu ya elfu ni ndogo kuliko sehemu ya kumi, wakahitimisha kwamba desimali yoyote yenye tarakimu nyingi ni ndogo. Hao watachagua 0.8 na utawapa tiki. Umepitisha kosa ukidhani ni uelewa.

Badilisha namba: A. 0.3 B. 0.62 C. 0.475. Jibu sahihi ni B, na si fupi wala si refu kuliko yote. Wa "ndefu ndiyo kubwa" anakwenda C. Wa "fupi ndiyo kubwa" anakwenda A. Sasa ukiona vidole unajua kilichomo vichwani. Hii ndiyo kazi inayotakiwa ifanyike nyumbani wakati wa kuandaa andalio la somo: andika kwanza makosa mawili au matatu unayoyajua ya mada hiyo, halafu tunga majibu kutokana na makosa hayo. Majibu ya kujazia nafasi, ambayo hakuna mtoto angeyafikiria, hayakuambii lolote.

Kujibu, tumia vidole vilivyobanwa kifuani ili wa nyuma wasione: kimoja A, viwili B, vitatu C, na ngumi kwa "bado sijajua". Ngumi ni muhimu. Mtoto asiyejua asipopewa mahali pa kusimama hubahatisha, na penye majibu matatu, theluthi moja ya wanaobahatisha hupata. Darasa la 90 lisilojua kitu linaweza kukuonyesha vidole 30 sahihi. Ukitaka uhakika zaidi, uliza swali la pili la namna hiyo hiyo lenye namba nyingine. Anayebahatisha kupata yote mawili ni mmoja kati ya tisa.

Ukishahesabu kwa jicho, uamuzi ufanyike hapo hapo. Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard aliyeanza kufundisha kwa mtindo huu mwaka 1991, ana kipimo kinachofaa hata kwetu. Waliopata wakiwa chini ya asilimia 30, fundisha upya kwa njia nyingine, kwa kuwa hakuna wa kumsaidia mwenzake. Wakiwa kati ya 30 na 70, usitoe jibu: waambie wageukiane na kila mmoja amshawishi jirani yake kwa dakika mbili, kisha uliza tena. Wakizidi 70, eleza kwa kifupi na songa mbele, ukiwakumbuka wachache waliobaki wakati wa zoezi. Katika kipindi cha dakika 40, swali hili likae kati ya dakika ya 15 na ya 20. Ukiliweka dakika ya 35, hata ukigundua wamepotea huna muda wa kuwarudisha.

Jambo la pembeni, lakini linazalisha kosa lile: usisome 0.475 "sifuri nukta mia nne sabini na tano". Soma "sifuri nukta nne saba tano". Mwalimu akisema mia nne, mtoto anasikia mia nne.

Wanaonyoosha vidole ni wale wale saba kila siku. Wengine wananitazama tu.
*Mwalimu, Ruangwa*

Acha kuomba vidole. Andika namba za wanafunzi kwenye vifuniko vya soda, vitie kwenye kopo. Mpangilio ndio siri yenyewe: uliza kwanza, nyamaza, *ndipo* uchote kifuniko. Ukichota kwanza na kumtaja mtu, wengine wote wameshapumzika kabla swali halijaisha. Kifuniko kirudishwe ndani ya kopo, maana aliyekwisha kujibu akijua hatatajwa tena, kipindi chake kimekwisha.

Anayeshindwa usimwache amesimama. Mwambie "sikiliza wenzako wawili, nitarudi kwako", na urudi kweli. Ukiahidi usirudi, wamejifunza kwamba kunyamaza kunalipa. Na pasiwe na fimbo wala kicheko mahali hapa. Jibu lisilo sahihi linalosemwa kwa sauti ndiyo habari unayoitafuta, na darasa linaloogopa halitakupa.

Nafundisha fizikia kidato cha pili. Nikiuliza kwa Kiingereza kunakuwa kimya. Sijui kama hawajaelewa fizikia au hawana maneno.
*Mwalimu, Masasi*

Vitenganishe vitu hivyo viwili kwanza kwa swali lisilohitaji maneno. Chora ubaoni betri na balbu mbili zinazofanana zilizofuatana kwenye waya mmoja. Waonyeshe kwa vidole: kimoja kama balbu ya kwanza inawaka zaidi, viwili kama ya pili, vitatu kama ni sawa. Wengi huonyesha kimoja, kwa kuamini kwamba balbu ya kwanza "inakula" umeme na kumwachia mwenzake masalia. Jibu ni vitatu: mkondo ni ule ule pande zote za balbu. Mwanafunzi aliyeonyesha vitatu lakini akashindwa kueleza ana tatizo la lugha. Aliyeonyesha kimoja ana tatizo la fizikia, na hata ukimpa kamusi nzima halitaisha.

Kwa tatizo la lugha, fuata hatua hizi. Wape dakika moja wajadiliane wawili wawili kwa Kiswahili, maana huko ndiko hoja inakojengwa. Kisha andika ubaoni sentensi ya Kiingereza yenye nafasi mbili zilizo wazi, na pembeni maneno manne wanayoweza kuyatumia. Wazijaze wawili wawili kwa maandishi, halafu ndipo umwite mmoja aisome kwa sauti. Masomo mengi ya sekondari yanafundishwa kwa Kiingereza na mtihani utakuja hivyo, kwa hiyo mwisho wa safari lazima uwe Kiingereza. Kosa ni kudhani kwamba kwa kuwa mwisho uko huko, mwanzo nao uwe huko. Wiki ya nne au ya tano punguza maneno ya pembeni, baadaye ondoa sentensi yenyewe.

Halafu kuna kimya chako wewe. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alipima miaka ya 1970 muda ambao walimu wa sayansi husubiri baada ya kuuliza, akakuta ni kama sekunde moja. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, "sijui" zikapungua, na wanafunzi waliokuwa hawasemi wakaanza kusema. Mwanafunzi wako analitafsiri swali kichwani, anafikiri, kisha anatafsiri jibu. Mpe sekunde tano au hata kumi, uzihesabu kimoyomoyo, usiongee. Kurudia swali kwa maneno mengine katikati ya kimya kunamlazimisha aanze kutafsiri upya. Na baada ya jibu, subiri tena sekunde tatu kabla ya kusema "vizuri", maana neno hilo hufunga mdomo wa aliyekuwa na jibu tofauti.

Watoto wa darasa la kwanza wanasoma ukurasa wote wakiangalia picha. Nikifunika picha wengine wanaendelea vilevile. Nitajuaje anayesoma na anayekariri?
*Mwalimu, Mikindani*

Wanaoendelea picha ikifunikwa huenda wanasoma, huenda wamekariri hata mpangilio wa mistari. Vunja mpangilio. Mwonyeshe neno la mwisho la ukurasa, kisha la katikati. Halafu andika neno ambalo halimo kitabuni lakini limejengwa kwa silabi alizosoma: aliyesoma "baba" na "bibi" mpe "babu" ikiwa *bu* ameshaifikia. Kipimo kikali kuliko vyote ni neno lisilo na maana, kama "dipa": hapo kumbukumbu haiwezi kumsaidia. Watoto watano kwa siku, kila mmoja sekunde 30, wakati wengine wanaandika. Ukiwa na watoto 80, baada ya siku 16 za masomo umemaliza mzunguko.

Angalia pia anakosea wapi. Anayesoma "babu" kama "baba" anatazama silabi ya kwanza na kukisia iliyobaki. Anayesita kila silabi lakini akapata yuko kwenye njia sahihi, anahitaji mazoezi tu. Watoto waliokulia kwenye Kimakonde, Kimwera, Kiyao au Kimakua wanaweza kutamka neno kwa lafudhi ya nyumbani huku wamelisoma sawasawa. Kabla hujaandika kwamba amekosa, mwambie akuonyeshe kitu chenyewe au atende neno lenyewe.

Kwa kuhesabu, mweleze kwa vitendo: "Weka kokoto tano chini ya kifuniko. Ongeza mbili. Zote ngapi?" Anayefunua kifuniko na kuanza moja, mbili, tatu bado yuko hatua ya chini. Anayeanzia tano na kusema sita, saba amepiga hatua kubwa, ingawa wote wawili wamepata 7. Tunaomba jambo moja: msitumie korosho zenye maganda kama vihesabio. Mafuta ya ganda lake yanaunguza ngozi na midomo, na mtoto wa miaka sita atang'ata tu. Mbegu za ubuyu, kokoto na vifuniko vinatosha.

Ninafundisha jiografia pwani ya Kilwa. Wanafunzi wangu wanakwenda kuchokoa pweza na kushughulika na mwani, maji wanayajua kuliko mimi. Lakini nikifundisha kupwa na kujaa wanaandika yale ya kitabuni bila kuyahusisha. Nitapimaje wanachokijua kweli?
*Mwalimu, Kilwa*

Pima kabla ya kufundisha. Dakika tano za mwanzo, kabla hujaandika kichwa cha somo, waulize utabiri: "Leo maji yamejaa saa nne asubuhi. Kesho yatajaa lini?" Watoto wa pwani watasema yanachelewa karibu saa moja, nao wamekaribia: ni kama dakika 50. Uliza la pili, juu ya bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida: "Bamvua huja mwezi ukiwaje?" Wengine watasema mwezi mpevu tu. Wengine watasema na mwezi mwandamo pia. Acha wabishane, usihukumu, andika majibu yote mawili pembeni mwa ubao na uyaache hapo mpaka mwisho wa kipindi.

Kisha, katikati ya somo, chora jua na dunia, na mwezi katika sehemu tatu: A, kati ya jua na dunia; B, upande wa pili wa dunia; C, ubavuni, pembe mraba. Waulize ni wapi bamvua hutokea. Hapa kuna majibu mawili sahihi, A na B, na wasiambiwe hivyo. Anayechagua B peke yake bado anashika mwezi mpevu tu. Anayechagua A peke yake anadhani lazima jua na mwezi vivute kutoka upande mmoja; hajaelewa kwamba maji huinuka pande mbili za dunia, ule ulioelekea mwezi na ule wa mgongoni. Anayechagua C amechanganya bamvua na maji mafu, siku ambazo maji hujaa na kupwa kidogo tu. Wakimaliza, warudishe kwenye majibu yao ya pembeni mwa ubao, na wao wenyewe waseme lipi libaki.

Maneno bamvua na maji mafu yatumike darasani bila haya, ukiyaunganisha na istilahi za kitabu. Mwanafunzi aliyedhani ujuzi wa ufukweni haumo shuleni hatautumia kujibu swali la shule.

Karatasi za mwisho wa kipindi, zile ambazo kila mwanafunzi anaandika jibu la swali moja kabla ya kutoka: nina wanafunzi 110. Karatasi zitatoka wapi, muda wa kusahihisha utatoka wapi, na alama zake niziingize wapi? Mtaaluma (mwalimu wa taaluma) naye analalamika kwamba mada hazitaisha.
*Mwalimu, Nachingwea*

Karatasi moja ya A4 ikikatwa vipande vinane, karatasi 14 zinatoa vipande 112. Kama nazo ni nyingi, safu mbili tu ziandike leo na nyingine kesho. Sampuli ya watoto 35 waliokaa mchanganyiko inakuonyesha darasa lilipo.

Weka dakika tano kabla ya kengele. Ikilia wakiwa hawajaanza, utapata vipande vyenye majina tu. Swali liwe moja, la kutenda, mfano hesabu moja au mchoro wa kutaja sehemu tatu. Usiulize "umejifunza nini leo?" maana watanakili kichwa cha somo kilichoko ubaoni, wote 110, na utafurahi bure. Chini ya jibu waandike neno au hatua iliyowatinga, kama ipo. Wakitoka, wakukabidhi mlangoni.

Usisahihishe. Gawa mafungu matatu: wamepata, wamekosa kidogo, wamepotea. Sekunde sita kwa kila kipande, kazi nzima ni dakika 11. Kwenye fungu la waliopotea soma kumi kwa makini utafute kosa linalojirudia. Kipindi kinachofuata kianze na kosa hilo ubaoni bila jina la mtu: "Kuna aliyejibu hivi. Alikuwa anafikiri nini?" Vipande visipobadilisha mwanzo wa kipindi kinachofuata, watoto hugundua mapema, na kuanzia wiki ya pili wanaandika chochote.

Alama usiingize popote. Mtoto akijua kipande kina alama, atanakili kwa jirani, na umepoteza kipimo chako. Kumbukumbu yake ni mstari mmoja katika sehemu ya tathmini na maoni ya andalio la somo. "Somo limeeleweka vizuri" haimsaidii hata anayeiandika. Andika hivi: "31 kati ya 110 wanaiacha sifuri katikati, kesho dakika 10 kwa mafungu ya njiti." Vikao vya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) shuleni kwenu ni mahali pazuri pa kuleta vipande vyenyewe, kila mwalimu kumi, na kuulizana majibu hayo yametoka wapi.

Kuhusu mada kutoisha, hesabu ni hii: dakika tatu mwanzoni, nne katikati, tano mwishoni, jumla 12 kati ya 40. Sehemu kubwa inatoka kwenye muda uliokuwa unatumika kurudia maelezo kwa darasa zima, pamoja na wale waliokwisha kuelewa. Bado yatakuwepo majuma utakayobaki nyuma ya azimio la kazi (mpango wako wa mada), hasa unapogundua kwamba mada ya mwezi uliopita haikushika. Mwonyeshe mtaaluma vipande vyenyewe kabla hajakuuliza, na mkubaliane mada ipi ifupishwe.